Chupa Katika Friji ya Soda

Nikutegee. Ninaye fundi, hana mikono wala sindano, ananishonea nguo ambayo tangu nizaliwe sijaivua. Ni nani? Fikiria polepole. Ukishindwa unipe mji, ila usinipe Kangemi. Kangemi nilipewa na Kavata mara nyingi mpaka nikachoka kuitawala.

Kavata alikuwa mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu Annah. Tuliishi watatu katika chumba kimoja nyuma ya soko la Kangemi, na dirisha la chumba hicho nililizibia blanketi. Annah alikuwa anauza nguo za mitumba mchana kutwa, mimi nabaki na mtoto gizani tukitegana vitendawili. Jua halikupaswa kumgusa. Alipokuwa na miaka miwili, uso ulianza kuwa na madoadoa kama ndizi iliyoiva sana. Alipofika sita, vidonda vikaanza, visivyofunga. Sasa alikuwa na minane na karibu na jicho la kushoto palikuwa na uvimbe wa ukubwa wa punje ya hindi.

Daktari alitueleza bila haraka. Alisema jua linachana ngozi ya kila mtu kila siku, ndani kabisa mahali macho hayafiki, ngozi yake yeye daktari na yangu mimi. Lakini mwili una protini ambazo kazi yake ni kupita zikishona palipochanika. Kavata alizaliwa bila moja ya hizo.

Basi umeshamjua fundi wangu. Jioni ile nilimtegea Kavata kitendawili hicho, nikidhani nitamchangamsha. Hakufikiria hata kidogo.

"Ni yule mimi sina," akasema.

Kijana wangu wa mwisho, Kitheka, alikuwa anafanya kazi katika maabara moja huko mjini, ghorofa ya nne. Alikuwa anapokea mizigo inayokuja na barafu, anaipanga, anaosha vyombo vya kioo. Jumapili akitoka kanisani alikuja kwetu kunywa chai. Jumapili moja akatuambia, kwa furaha ya mtu anayependa kazi yake, kwamba wamepokea kutoka ng'ambo ile protini yenyewe ya kushona. Ya panya.

"Ya panya?" Annah akauliza. "Wamemkamua?"

"Hapana. Wanachukua maagizo ya mwili wa panya, wanayaweka ndani ya bakteria, halafu bakteria ndio wanaitengeneza."

Nikamwambia hapo nimeelewa, ni kama kuku unayemwekea mayai ya bata. Anaangua tu, hajui si yake.

"Sawasawa, mama. Wewe ungekuwa profesa."

Kavata alikuwa amekaa kitandani, miguu inaning'inia. "Kwa hivyo panya wote wako nayo? Hata huyu wa nyuma ya jiko?"

"Hata huyo," Kitheka akajibu.

"Ndio maana anatuchekelea."

Tulicheka wote. Mimi niliacha kucheka kabla yao, kwa sababu wazo lilikuwa limeshaniingia. Nilimsindikiza Kitheka mpaka kwa mlango wa ploti, nikamwambia alete hiyo chupa.

"Haiwezekani, mama. Imeandikwa juu yake, ni ya utafiti tu, si ya kutibu mtu. Chupa yenyewe ni ndogo kuliko kidole hiki, na ndani hakuna hata chozi moja. Wanaiweka kwa kioo waangalie vile inashona. Ukipaka kwa ngozi haiingii. Haitafanya kitu."

Alisema mengi, na yote yalikuwa ya kweli. Mimi nilishika neno moja tu. Inashona.

Jumapili iliyofuata nikamwomba tena, akakataa. Jumapili ya tatu uvimbe ulikuwa umeanza kuvuta jicho. Nilifanya jambo ambalo mama hamfanyii mwanawe. Nilipiga magoti. Kitheka aliniinua kwa mikono miwili, akatoka bila kumaliza chai.

Ijumaa akaja na chupa ya chai ya plastiki, ile ya mdomo mpana, imejaa barafu. Katikati ya barafu palikuwa na kichupa chenye kifuniko cha buluu.

"Matone matatu kila jioni, hapa karibu na jicho," akasema. Hakuniangalia. "Na isishike joto, mama. Ikishika joto imekufa."

Friji hatukuwa nayo. Aliyekuwa nayo ni Mungai wa kioski, ya kuwekea soda. Nilimwomba nafasi kidogo, akanipa rafu ya chini, nyuma ya soda za machungwa.

"Nyanya, sasa umeanza kuficha pombe kwangu?"

"Ni dawa ya mtoto. Ukimpa mteja akanywa, utanijibu."

Kila jioni jua likishazama nilienda kuichukua. Kavata alikuwa ananisubiri ameshainua uso, macho amefumba kabisa kama mtu anayebatizwa.

"Baridi, susu," akasema siku ya kwanza, maana nyanya aliniita kwa Kikamba. "Nasikia anatembea."

"Nani?"

"Panya. Ameleta sindano."

Akaniambia pia vile atafanya fundi akimaliza. Atatoka saa sita mchana, asimame kwa kamba ya nguo, aanike soksi zake mwenyewe. Hakutaka shule wala kwenda kutembea mjini. Alitaka kuanika soksi.

Wiki ya pili transfoma ililipuka. Tulisikia mlio, halafu stima ikapotea upande wote wa soko. Nikamwambia Mungai asifungue ule mlango, baridi isitoke. Akasema wateja wanataka soda, nyanya, nifanyeje. Siku ya kwanza ikapita, ya pili nayo ikapita. Jioni hiyo nilipotia mkono nyuma ya zile soda, kichupa kilikuwa na joto kama yai lililotoka kutagwa.

Nilipaswa kumwambia Kitheka. Sikumwambia. Niliona mwanangu amehatarisha kazi yake kunipa kitu hiki, na mimi nimekiua kwa siku mbili. Nikaenda kuomba barafu kwa mama anayeuza samaki sokoni, naye barafu yake ilikuwa imeshayeyuka. Stima iliporudi nikakirudisha pale pale. Kesho yake nikaendelea kumtonea.

"Leo hatembei, susu," Kavata akasema.

"Amechoka. Lala."

Uvimbe ulizidi, na Kavata alifariki mwezi wa saba, siku za baridi ambazo Nairobi jua lenyewe hulioni. Siku hiyo angeweza kutoka saa sita na blanketi dirishani lisingekuwa na kazi. Tulimpeleka Ukambani tukamzika kando ya babu yake.

Watu walipotawanyika, nilimkuta Kitheka nyuma ya nyumba amebeba sinia la vikombe. Nikamuuliza, kama mtu anayeuliza habari ya mvua, "Ile dawa ikishika joto siku mbili, ni kweli inakufa kabisa?"

Alilishika sinia vizuri. Kisha akasema, "Nakupa mji, mama," akaenda kuosha vikombe. Ndivyo tulivyosema nyumbani kwetu mtu akishindwa kujibu.

Miaka mitatu nilikaa na ule mji. Tulihamia Mutuini, mahali pana hewa, lakini mimi nikiona friji ya soda dukani, navuka barabara. Annah alidhani nimekuwa mkali na vitu vya sukari. Usingizini nilihisi kile kichupa kwenye kiganja, na joto lake.

Juzi Kitheka alikuja peke yake. Nilikuwa nje napukusa ndengu, akavuta kigoda akaanza kunisaidia, maganda kwake, ndengu kwangu. Mikono yangu ikiwa na kazi, mdomo ulipata nguvu. Nikamweleza yote: transfoma, Mungai, yai lenye joto, na vile mtoto alivyosema hatembei. Nikamwambia ni mimi niliyemwacha fundi wake akafa, na nikaendelea kumdanganya mpaka mwisho.

Kitheka aliacha kupukusa.

"Ndio ulikuwa unaniuliza hiyo, siku ya mazishi?"

"Hiyo hiyo. Na ukanipa mji. Leo mji sitaki, Kitheka. Nataka jibu."

Alikaa ameshika ganda tupu, akilikunja na kulikunjua. Nilimwona akilia kama alivyolia akiwa mdogo, bila sauti, kidevu kimeshuka kifuani.

"Hakukuwa na kitu cha kufa, mama," akasema. "Yalikuwa maji ya chumvi, ya kuoshea vidonda. Ile ya panya haikutoka maabara hata siku moja. Niliyasema yale ya joto ili uniamini."