Tanuri la Kuangalia

Kaka yangu Bakri anakula kwa kuwasifu marehemu. Kila asubuhi huvaa kanzu iliyopigwa pasi, akaenda kwenye makaburi ya wafalme hapa kwetu ng'ambo ya magharibi ya Luksor, akawaambia watalii kwamba sisi ndio wajukuu wa waliochonga yale mawe. Kisha huwaeleza tofauti kubwa kati ya ustaarabu wa kale na wa leo. Watu wa kale, husema, waliwajengea wafu kwa mawe na walio hai kwa udongo. Sisi tunajenga kwa zege, tuna umeme, tuna serikali inayomjua kila mtu kwa jina. Watalii hutikisa vichwa kukubali, naye huumuka kama unga uliotiwa hamira.

Hawaambii kwamba umeme hukatika kila Agosti, na kwamba ukikatika yeye mwenyewe alikuwa akikimbilia ubaridi wa chumba cha mama kulaza mgongo.

Chumba hicho kilikuwa cha udongo na makapi ya ngano, dari ya magogo ya mtende. Ndani, chini ya tundu la moshi, kulikuwa na tanuri ambalo mama aliliumba kwa mikono yake alipoolewa. Mama yetu, Haja Faukia, hakuomba kingine kwa mwanawe: amwachie chumba hicho na tanuri lake mpaka siku atakapotolewa humo kwenye jeneza. Bakri akaahidi.

Kisha binti yake Nawal akaposwa na kijana wa Kairo.

"Watu wanatoka Kairo, mama," Bakri alisema. "Watukute tunaishi kama panya?"

"Panya ndiye mimi?"

"Sijakusema wewe. Nasema udongo."

"Mimi nimezeekea humo, mwanangu. Sijui tena udongo unaishia wapi nami naanzia wapi."

Bakri akangoja mama aende nami kwenye matanga ya mjomba. Tuliporudi, chumba kilikuwa vumbi. Palipokuwa na tanuri, Bakri alijenga ukumbi wa zege wenye kiyoyozi na viti vya rangi ya dhahabu, na mama akapewa chumba cha nyuma ambacho kuta zake huwezi kuziegemea mchana kwa joto. Hakulia. Aliacha tu kuoka, akala mkate wa dukani kwa sababu mtu lazima ale.

Nilitaka kumchukua kwangu, mitaa miwili tu kutoka hapo. Akakataa. Kwetu mama hukaa kwa mwanawe wa kiume. Akihamia kwa binti, mwana amevuliwa nguo mbele ya mji. Mama hakutaka kumvua Bakri nguo. Mimi ningemvua siku hiyo hiyo.

Siku moja Bi Shahinazi, mama wa bwana harusi, akapiga simu. Alisema ana hamu ya kuona nyumba ya asili, ya udongo, na tanuri la mkate wa jua. Zege amelichoka huko Kairo. Nilikuwepo, nikauona uso wa kaka yangu. Sitaficha, nilifurahi.

Unadhani aliona haya? Alimwita fundi yule yule. Uani wakajenga "chumba cha asili": kuta za saruji zilizopakwa rangi ya udongo, makapi yakabandikwa kwa gundi, kiyoyozi kikafichwa nyuma ya kapu. Pembeni wakaweka tanuri la saruji, zuri, mdomo wake duara kamili, lakini tundu la moshi halikuwepo. Bakri alisema tundu litatoa nje baridi ya kiyoyozi.

"Si ulikuwa nacho chenyewe?" nilimwuliza.

"Kile kilikuwa kichafu, dada. Hiki ni cha kale, lakini kisafi."

Mama, ambaye macho yake yana ukungu, alilipapasa lile tanuri taratibu. "Amenirudishia," alisema. Nikamwambia ni pambo tu. Akanicheka. "Nani ajenge tanuri lisilooka? Hata kichaa hajengi."

Siku ya wageni alikwisha kukanda unga. Maduara yake yalikuwa juu ya paa tangu asubuhi yakiumuka juani, kila moja kwenye kisahani chake cha udongo, kingo zimepasuliwa kwa mwiba wa mtende. Bakri alimkalisha kwenye kigoda kando ya tanuri, amevaa gauni jeusi la zamani, na Bi Shahinazi akaanza kupiga picha. Mama akaniomba mabua makavu. Nikamletea. Akayasukuma ndani, akawasha.

Moshi ulijaa kabla Bakri hajaweka chini birika la chai. Baba wa bwana harusi akakosea mlango, akagonga ukuta. Kisha saruji ikapasuka kwa mlio, na kipande cha ustaarabu wa kale kikaangukia kwenye sahani ya keki. Wote wakatokea uani wakikohoa, wanja wa Bi Shahinazi umefika kidevuni.

"Mama, moto wa nini?" Bakri alisema, machozi yakimtoka. "Hili lilikuwa la kuangalia tu."

Mama alimgeukia. "Na mimi, Bakri? Ulinikalisha pale niwe wa nini?"

Bakri akakung'uta kanzu yake. Mama akapanda juu ya paa, akapanga mikate yake kwenye ubao, akaniambia nishike upande mmoja. Tulipita njia kuu, mchana kweupe, hadi kwangu, kila mlango ukitutazama. Jioni hiyo tulikula mkate wa moto kutoka tanuri langu.

Harusi ilifanyika. Tanuri likazibwa ufa na kupakwa rangi, na sasa Bakri akitoka makaburini huwapitisha watalii pale kwenye chumba cha asili. Kwenye kigoda anaketi mwanamke wa kijiji cha jirani, gauni jeusi, mikono mapajani. Bakri huwaambia wageni kuwa huyo ndiye mama yake.

Nilimpelekea mama habari hiyo kwangu, anakoishi sasa. Alikuwa akipasua kingo za mikate.

"Anaoka?" aliuliza.

"Hapana. Anakaa tu."

"Basi amempata aliyemtaka," mama alisema, na akaniomba nimsogezee mabua.