Masharubu Mawili

Miaka yangu yote ya kiwandani sikuwahi kuwa na masharubu. Asidi haina mzaha. Maski isiposhika ngozi vizuri, moshi unapenya, na unywele mmoja tu unatosha kuufungulia mlango. Kila asubuhi getini ajenti wa usalama alitupapasa mashavu kama mwanamke anayechagua nyanya sokoni, na aliyekwaruza mkono wake alirudishwa nyumbani. Mimi sikurudishwa hata siku moja. Niliingia pale kijana, juu ya mdomo hapajaota kitu cha maana, nikanyoa na kunyoa mpaka mwezi wa pili mwaka huu, mkataba wangu ulipoisha na wao hawakuurefusha.

Basi nikaacha kunyoa. Ilikuwa hasira, tena hasira ya kitoto: nani atanipapasa sasa? Siku zikapita, nikajitazama kwenye kioo cha Josée, mke wangu, nikayaona masharubu yangu ya kwanza. Yalikuwa meupe pe, kama mtu aliyekunywa maziwa akasahau kujifuta. Yale meusi yote nilikuwa nimeyamwaga na maji ya beseni, asubuhi baada ya asubuhi, bila kuyaona. Nikaona haya peke yangu chumbani, mwanamume mzima.

Na kama kunikomoa, Gael, kijana wetu mkubwa aliye mwaka wa mwisho wa sekondari, naye akaanza kuota yake siku zilezile. Laini, membamba, meusi. Hakuacha kuyagusa.

"Tata, tunaotesha pamoja," alinitania mimi baba yake.

"Yako inaota. Yangu inazeeka tu. Nyamaza."

Josée wakati huo alikuwa njiani muda wote. Alikwenda Mutshatsha kununua makala, yale makaa ya kupikia, akarudi Kolwezi kuyauza, akageuka tena. Hakuniambia neno baya. Afadhali angenitukana. Mkono mtupu haulambwi, wanasema, lakini yeye aliniwekea bukari, ugali wetu, mimi wa kwanza, mbele ya watoto, na kipande kikubwa cha samaki juu yake. Nilikula nikiitazama sahani.

Mchana tulibaki mimi na Gael. Tulikaa kwenye ngazi ya nyuma, mahali majirani hawatuoni, kisikizio kimoja cha simu yake sikioni mwangu, kingine mwake. Alinisikilizisha albamu anazozipenda, za vijana wanaoimba kama wanagombana na mwenye nyumba. Nilizitukana zote. Kisha nikamwomba moja airudie.

Zamu yangu ilipofika nilimtolea kaseti yangu ya rumba, niliyoinunua mwaka nilipomwoa mama yake. Redio ya kuichezesha ilikufa zamani. Gael akaipeleka kwa mtu wa sokoni anayejaza muziki kwenye simu, akarudi nayo nzima, pande zote mbili. Gitaa la upande wa pili lilipoingia, nilifumba macho.

"Tata, huyu mutu wa gitare haiko anacheza. Anasema," Gael akaniambia.

Kidogo nilie. Hakuna mtu aliyewahi kuisikiliza kaseti ile pamoja nami mpaka mwisho. Nilikuwa na furaha, na hiyo ndiyo aibu yangu kubwa kuliko zote, maana ulikuwa mchana wa siku za masomo, na mtoto alikuwa amekaa nami ngazini. Sikumuuliza kwa nini. Anayeuliza hupewa jibu, na jibu lile nililiogopa. Nikajiambia labda walimu wamegoma.

Leo asubuhi, Josée akiwa bado Mutshatsha, Gael alinijia na wembe mpya na maji ya moto kwenye kikombe.

"Tata, uninyoe."

"Moustache? Unainyoa juu ya nini? Inaanza kuwa muzuri!"

"Uninyoe tu."

Nikacheka. "Ule binti anaitwa nani?"

Akatabasamu akiangalia chini. Nikamkalisha ngazini, nikampaka sabuni, na nikiri kwamba nilivimba kichwa: hapa palikuwa na kitu ninachokijua, na mwanangu amekuja kwangu kukitafuta. Alikuwa ameiwasha rumba yangu kwenye simu, sauti ndogo. Nikaivuta ngozi, nikaanza kushoto, kwanza kwa kufuata unywele, halafu kinyume chake. Nilikuwa naimba. Upande ule ulipoisha, Gael akapitisha kidole juu ya mdomo taratibu, akabonyeza hapo pembeni ya pua.

"Hapa, tata. Masque itashika?"

Mkono wangu ukasimama.

"Balinikamata ku kazi, ku usine ya asidi," akasema. "Naanza kesho. Ku masomo balinirudisha toka mwezi wa tatu, juu ya frais yenye hatukulipa. Ulijua, tata."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayetaja jina la mtaa wetu. Ndiyo, nilijua.

Nilitaka kumwambia arudi shuleni, amebakiza mtihani wa taifa tu, nitakwenda kuwapigia walimu magoti, nitabeba makala ya mama yake kichwani mchana kweupe, watu wanione. Yote hayo ningeweza kuyafanya tangu mwezi wa tatu. Nilikuwa nimekaa na kisikizio sikioni. Gitaa likaendelea kusema, nami nikatamani kuizima ile simu, lakini ilikuwa mapajani mwake.

Naye alikuwa akiningoja, masharubu nusu, sabuni ikimkaukia usoni. Kinyozi mwingine angemwachia unywele, na moshi ule naujua.

"Inua kichwa," nikamwambia.

Nikanyoa upande wa kulia. Nikarudia kinyume, nikarudia tena, mpaka hapakubaki kitu. Kisha nikaweka wembe chini, nikampapasa mashavu yote mawili kwa kiganja, polepole, kama ajenti wa getini.

"Itashika," nikasema.