Mbegu za Haradhan

Kitambaa kibichi kilikaa siku tatu juu ya meza ya baba, kati ya kopo la siagi na kiboko chake. Ndani yake mlikuwa na ukufi mmoja wa mbegu za nili, mmea wa kutengenezea rangi ya buluu. Zikichipua, Haradhan angeachiwa. Zisipochipua, angepigwa mpaka mwisho, na mwisho huo niliujua: tangu babu atoke Uskoti kuja Bengali na kujenga mabirika ya kulowekea nili, watu watatu walitolewa ghalani kwetu wamefunikwa mkeka.

Haradhan alikuwa mume wa Khiro, yaya aliyenilea mama alipokufa. Baba alimlazimisha kupanda nili kwenye shamba lake la mpunga. Alipanda mbele ya mnyapara wetu, Gopinath. Haukuota hata mche mmoja.

"Wamezichemsha, Bwana Mkubwa," Gopinath alisema. "Wanazipika kama dengu, halafu wanakuja kututolea machozi, eti udongo mbaya."

"Shamba ulilichagua wewe, mlamba viatu!" Haradhan alijibu, damu ikimtoka mdomoni. "Na kigingi cha kulitia alama ukakipigilia mwenyewe."

Baba akampiga teke la mbavu, kisha akachota mbegu zilizobaki guniani mwa Haradhan, akazifunga kwenye kitambaa kibichi. "Tutaona."

Gopinath alisema kweli. Mimi nilikuwa jikoni kwa Khiro siku chungu cha mbegu kilipotokota. Alinitazama tu, akaendelea kukoroga. Basi mchana wa siku ya kwanza, baba alipojilaza baada ya kula, nilizimwaga mbegu zilizokufa za kitambaani, nikaweka nyingine kutoka ghalani kwetu. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Nilidhani nimeokoa mtu, basi.

Siku ya tatu baba alifungua kitambaa mbele ya watu wote. Kilijaa vichipukizi vyeupe.

Gopinath akacheka, kama mtu anayetaniwa. "Haiwezekani. Nilizitafuna mwenyewe, Bwana Mkubwa. Zilikuwa laini!"

"Kwa hiyo ardhi ndiyo mbovu," baba alisema polepole. "Na ardhi uliichagua wewe."

Wakamfunga kwenye nguzo ya birika. Kiboko cha kwanza kilipasua shati. Cha saba kilichukua sikio. Baada ya hapo baba hakuangalia tena kinapotua.

"Bibi Hesta!" Gopinath alipiga kelele. "Wewe umekulia jikoni kwao! Mwambie baba yako!"

Nikafumbua mdomo. Mkono wa Khiro ukatua begani mwangu, mwepesi, kama zamani aliponibembeleza nilale. Nikaufumba.

Gopinath alikufa kabla jua halijazama.

Shamba lile akarudishiwa Haradhan alime mpunga, eti halifai nili. Mwaka huohuo, baada ya mavuno, Khiro aliniletea sahani ya wali mpya wa shamba lile na samaki. Nje ya dirisha mjane wa Gopinath, sari yake nyeupe imechafuka vumbi, alikuwa akifagia uwanja wetu.

"Kula, mwanangu, usije ukapoa."

Nilikula wote. Khiro akaniongeza.