Kikao cha Maswali Matupu

Muuguzi alifika kikaoni akitokea zamu mbili mfululizo, miguu imevimba. Baba yake, aliyewatelekeza yeye na mama yake miaka thelathini iliyopita, alikuwa amelazwa wodini kwake, na Jumatatu angeruhusiwa. Hakuwa na pa kwenda. Ama binti amchukue, ama apelekwe makao ya wazee.

Marafiki, ndivyo wanavyojiita waumini wenzake, hawana mchungaji wa kukuambia fanya hivi, acha vile. Wanaamini kila mtu ana nuru ya Mungu ndani yake, itamwongoza akinyamaza vya kutosha. Ukikwama, watu watatu wanakaa nawe. Kuuliza ruksa, kushauri mwiko. Kwa mtu aliyechoka, huo ni uchokozi.

"Ukimtazama unaona nini?" aliuliza fundi wa kuchomelea.

"Kitanda namba tisa."

"Na unaogopa nini?" aliuliza mwalimu mstaafu.

"Kumwogesha huku namchukia."

Wakanyamaza. Kimya cha Marafiki si cha mchezo. Ikapita nusu saa, ikapita saa nzima, viti vya plastiki vikilia kila mtu alipojigeuza.

Kumbe muuguzi amelala fofofo. Wao waliona kichwa kimeinama, wakadhani nuru inamshukia, wakazidi kunyamaza wasije wakamharibia. Hata alipokoroma, mwenye duka, aliyekuwa wa tatu, alidhani ni kwikwi za kilio, naye akafuta machozi.

Muuguzi alipozinduka, alikuta nyuso tatu zinamtazama kwa heshima kubwa.

"Umeonyeshwa nini, mwanangu?" mwalimu alinong'ona.

Hapo shetani akapata upenyo. Angesema ameambiwa mzee asije, nani angebisha? Angeenda zake nyumbani akalale. Maneno yalifika mdomoni, yakagoma kutoka.

"Nilikuwa nimelala, Mwalimu."

Mwenye duka akakunja leso yake taratibu. Fundi alitaka kucheka, akajizuia.

"Kwa nini hukutudanganya?" akauliza.

 Muuguzi alijua tu kwamba kilichomzuia kudanganya ndicho kilichokuwa kikimsemesha tangu juzi kando ya kitanda namba tisa, naye akajitia uziwi. Aliona uchungu. Alitaka sana waseme hapana kwa niaba yake.

"Jumatatu nitamchukua," alisema, akaanza kulia kwa hasira. "Na bado namchukia. Mmesikia? Bado namchukia."