Pingamizi la Ndoa ya Obadiah

Mtaa wetu wa Bermondsey unanuka ngozi kutwa kucha kwa ajili ya viwanda vyake, na watu wake wana midomo kuliko pua. Nasema hivyo nikiwa mmoja wao, kwa hiyo asije mtu hapa kuninunia.

Kila mwezi huchapwa kipande kipya cha hadithi, na Enoch kinyozi hutusomea dukani kwake Jumamosi, maana wengi wetu kusoma hatujui. Mwaka ule hadithi ilikuwa ya yatima mwenye roho ya malaika, lakini nani alimjali? Sisi tulimngoja Nibb. Nibb alikuwa mwovu mdogo tu, wa kuingia na kutoka: anaiba vijibwa vya mabibi matajiri, kisha anavirudisha mwenyewe apewe zawadi, tena huku analia machozi. Bega moja limeshuka, jino la mbele hana, na mluzi wake unapita pengoni.

"Jamani," akasema jirani yangu Tabitha Pellow, siku Nibb alipotokea mara ya kwanza, "huyu si Obadiah?"

Loo! Vichwa vyote viligeuka. Obadiah Tring alikuwa amekaa mlangoni na kapu lake. Yeye huuza chakula cha paka: nyama ya farasi iliyochemshwa, imetungwa vijitini, anapita nayo nyumba kwa nyumba akipiga mluzi, na paka wa mtaa mzima wako nyuma yake, mikia juu. Bega limeshushwa na kapu. Pengo analo. Basi, kesi imekwisha.

"Mwandishi alipita hapa akamwona," Tabitha akaapa. "Lisemwalo lipo!"

Obadiah hakukana. Alitabasamu tu.

"We Obadiah, kanusha bwana," nilimwambia tulipotoka. "Hawa watakumaliza."

"Waache, Bi Jemima."

Nilikasirika! Mtu mpole nampenda, lakini mpole asiyejitetea ananitia wazimu.

Tangu siku hiyo, Nibb akitenda uovu, anayenuniwa ni Obadiah. Nibb alipomtupa mbwa wa yatima mtoni, wanawake walimfungia Obadiah milango, paka wao wakilia njaa ndani. Ni Keziah Mudge peke yake, mjane anayeshona glovu katika chumba kilicho juu ya changu, aliyeanza kumsemesha. Mwanzo alimuuliza kama kweli anaweza kufungua kufuli kwa pini ya nywele, kama Nibb wa hadithini. Obadiah akacheka, hakusema ndiyo wala hapana. Wakazoeana. Kufikia Pasaka walikuwa wamepeleka majina kanisani, na yule mwanamume alikuwa anatembea kama ardhi haimhusu.

Kwetu ndoa hutangazwa Jumapili tatu, na ajuaye kizuizi husimama akasema. Mbili zilipita salama. Jumamosi ya kuamkia ya tatu, Enoch akatusomea: Nibb amemchumbia mjane, amekula chakula chake, kisha ametoroka na vijiko vyake vya fedha!

Duka lilizizima kwa kelele. Keziah akainuka, akatoka bila kumuaga mtu. Obadiah alibaki ameduwaa, na mimi nilimwonea huruma. Mwanamke wake alikuwa anamponyoka kwa ajili ya vijiko vya kwenye karatasi.

Asubuhi yake mchungaji hata hajamaliza kutaja majina, Tabitha kasimama.

"Napinga! Huyu mtu ni mwizi wa vijiko!"

"Una shahidi, mama?"

"Mtaa mzima! Tumemsikia jana kwa masikio yetu, kwa Enoch."

Mchungaji akakumbatia kitabu chake cha sala. "Kipande kipya? Tafadhali mama, usiendelee. Changu hakijafika."

Nilicheka mpaka kofia ikanidondoka. Lakini Keziah hakucheka. Alisimama, akamgeukia mchumba wake.

"Obadiah, nijibu mbele ya watu. Wewe ndiye Nibb?"

Kicheko kikanikauka.

"Sijawahi kuiba hata mfupa," Obadiah akasema. "Na kufuli sijui kufungua, hata kwa ufunguo wake napata tabu."

"Sasa kwa nini ulikaa kimya miezi yote hii? Ukaniacha nilale na wasiwasi!"

Obadiah alikuwa anazungusha kofia mikononi. "Kwa sababu ulinitazama, Keziah. Miaka yote nagonga mlango wako, unachukua kijiti chako macho chini, unafunga. Alipokuja Nibb, ukainua macho. Nikasema potelea mbali, heri niwe mwizi nitazamwe."

Hata Tabitha alikaa. Keziah akawa mwekundu hadi shingoni.

"Mjinga we," akasema, na sauti ikamkatika. "Nilikuwa naona haya. Miaka yote hiyo nanunua nyama ya paka, Obadiah, na mimi sina paka."

Obadiah akalia pale pale, waziwazi, bila kujificha. Mchungaji alimngoja apenge kamasi, kisha akayasoma majina yao upya kutoka mwanzo.