Leta Mzee Anayemjua Babu Yake

Asubuhi ile askari wa lango la ofisi ya usajili alinipekua mpaka kitambaa nilichofungia ndizi. Ndizi, walahi. Nyuma yangu alisimama kijana aliyevaa koti zito, Garissa hii ambayo saa tatu hata mbuzi anatafuta kivuli. Nikamwambia askari, "Mwangalie na huyo." Akasema, "Mama, songa, unazuia watu."

Nikasonga.

Nilikuwa nimekuja tena kwa karani anayeitwa Munyoki, kijana wa Kitui, kwa ajili ya kitambulisho cha binti yangu Idil. Chuo cha uuguzi kimemkubali, mwisho wa kuripoti ni Ijumaa, na hata ile karatasi ya kungojea kitambulisho hana. Alama za vidole walishachukua. Kilichobaki ni kupigwa msasa, maana sisi watu wa huku tunaulizwa Kenya yetu tumeitoa wapi, kama mtu aliyekutwa na ng'ombe wa mwenzake.

"Kitambulisho cha babu yake umeleta?" Munyoki akauliza, macho mezani.

"Babu yake alifariki kabla Idil hajazaliwa. Nilikwambia mwezi jana, na kabla ya hapo."

"Basi leta mzee anayemjua babu yake."

"Waliomjua wamemfuata."

"Mama Idil, sheria si yangu."

"Na masikio je, ni ya nani?"

Hapo ndipo risasi zikalia langoni.

Munyoki alikuwa chini ya meza kabla sijamaliza Bismillahi. Nikachungulia dirishani. Ni yule kijana wa koti, peke yake, anapiga bunduki huku na huku kama anayefukuza nyuki. Askari aliyenipekua amelala chini ameshika mguu. Nikatia komeo mlangoni, nikasukuma kabati, nikakaa sakafuni mbele ya meza.

"Mama," karani akanong'ona, "mimi ni Mkristo. Hawa huanza na sisi."

"Najua."

"Wakiingia, sema mimi ni mwanao. Tafadhali."

Sasa mtu afanye nini? Nikavua garbasaar yangu, lile shuka la kujitanda, nikamfunika kichwa mpaka magoti.

"Babu yako anaitwa nani?"

"Nini?"

"Wakiniuliza. Mwanangu lazima awe na babu. Ukoo gani? Amezikwa wapi?"

"Mama, si wakati huu!"

"Kitambulisho chake umebeba? Au una mzee anayemjua?"

Kisha nikamsikia anacheka, au analia, chini ya shuka huwezi kujua. Nikamhurumia. Ulimi wangu huu hata marehemu Abdow, mume wangu, aliuogopa. Nikamwambia, "Kaa nyuma yangu, usitikisike. Risasi ikija itanikuta mimi kwanza, na mimi nina udhu." Nikaanza kusoma Ayatul Kursi.

Milio ikazidi, kisha kimya. Kisha buti. Mlango ukavunjwa, kabati likaanguka, na bunduki zote za polisi zikanielekea mimi.

"Mikono juu! Umeficha nini hapo nyuma?"

"Karani wenu."

"Usilete mchezo! Umekuja na yule mtu wa nje?"

"Nimekuja na ndizi."

Afisa akanishika mkono, akaupinda nyuma. "Twende. Utatuambia vizuri huko mbele. Nani anakujua wewe?"

Shuka likatikisika. Munyoki akatoka na vumbi kichwani, maua ya garbasaar yangu bado shingoni.

"Mimi namjua," akasema. "Mwachilie. Anaitwa Ramlo. Mume wake ni marehemu Abdow, alikuwa anauza ngamia soko la mifugo. Baba yake Abdow ni mzee Shuaib wa Bura, na amezikwa huko Bura, nyuma ya msikiti. Nawajua mpaka binti yao."

Afisa akaniachilia. Mimi nilibaki namtazama Munyoki. Kumbe yote hayo alikuwa nayo kichwani. Kila nilichosema mbele ya ile meza, alikisikia.

Langoni kijana yule alikuwa ameshafunikwa turubai. Alitaka nini sijui, Mungu ndiye wa kumuuliza. Sisi tulimwacha apite, hakuna aliyetaka kujua hata babu yake. Askari aliyejeruhiwa alikuwa anapakiwa kwenye ambulensi, hai, alhamdulillahi. Aliponiona akageuza uso.

Nje ya ua Munyoki akanirudishia shuka, amelikunja vizuri. "Asante sana, mama. Nenda upumzike. Rudi wiki ijayo, tukifungua tutaangalia..."

"Munyoki."

"Naam, mama."

"Ulitaka mzee anayemjua babu yake Idil. Mbele ya polisi umesema unamjua, mpaka kaburi."

Akajifuta vumbi kichwani.

"Basi nimekuletea," nikasema. "Na Ijumaa iko palepale."

Nikakaa kwenye kivuli cha ukuta, nikafungua kitambaa, nikammenyea ndizi moja. Alikula nusu. Kisha akatoa simu, akampigia mkubwa wake.

"Ndiyo, mkubwa, niko salama," akasema. "Ile ya Idil Abdow... mzee amepatikana."