Mgongo wa Korongo

"Sisi, Kiboko wa Kwanza na wa Mwisho, Mfalme wa Milki ya Ngurumo, Bwana wa Pande Zote Sita za Utupu, tunawatangazia raia wetu wapenzi kwamba mwendo wa milki ni laini kama siagi, na atakayesema anatikiswa, atatikiswa."

Tangazo lilipofika hapo bomu lililipuka nyuma, milki nzima ikaruka, na chai ya Mfalme ikamwagikia masharubu.

Ndivyo Ngurumo ilivyosafiri. Ilikuwa chombo kikubwa kama mji, kikielea katikati ya nyota, na kila mara kilitema bomu la atomu mkiani. Bomu lililipuka, likalisukuma bamba nene la chuma, springi zikabonyea, wote wakasogea mbele. Mabwana walikaa kichwani, penye mito. Mafuko, wachimbaji na mafundi wa milki, walikaa mkiani, mbele tu ya bamba, wakitia grisi springi zilizochoka, wakipoteza meno kabla ya umri.

Matangazo yote yaliandikwa na Nguchiro, karani wa Ikulu, mwenye mwandiko mzuri na adabu mbovu. Aliwahi kutangaza Siku ya Kitaifa ya Kukipigia Kijiko Saluti, na milki ikaiadhimisha kwa gwaride. Muhuri aliuweka yeye. Mfalme hakuwa na desturi ya kusoma kilichotoka kwa jina lake, wala ya kukikana kikishatoka. Basi kila utani wa Nguchiro uligeuka sheria, na Nguchiro alicheka mpaka mbavu zikamuuma.

Desturi ya pili ilikuwa hii: hakuna aliyempa Mfalme mgongo. Waliotoka barazani walitoka kinyumenyume, wakigonga milango kwa visogo.

Siku moja chombo cha Korongo, majirani wa mbali, kilionekana kikija. Kilipokaribia kiligeuka, kikaielekezea Ngurumo mkia, kikaanza kulipua mabomu. Nguchiro, aliyechoshwa na asubuhi isiyo na jipya, akaandika: "Korongo wametupa mgongo na wanatujambia moto. Heshima yetu itajibu." Akagonga muhuri, akabandika karatasi mlangoni pa baraza, akangoja kicheko.

Hakuna aliyecheka. Jemadari Jogoo alisoma mara mbili, akaenda kuvaa upanga.

"Nimesema hivyo?" Mfalme alinong'ona barazani.

"Umesema, Mtukufu. Muhuri upo."

"Basi nilikuwa na sababu."

Akaitwa Bi Fuko, fundi mkuu wa springi. Alipanda kutoka mkiani, grisi mpaka viwikoni.

"Mtukufu, hawakutukani," alisema. "Huku hakuna breki. Anayetaka kusimama karibu nawe hana budi ageuze mkia na kulipua kuelekea kwako. Mgongo ule ndio hodi yao. Wanatuletea springi mpya. Binti yangu yumo mle, ndiye aliyekwenda kuzichagua."

"Hodi ya matako!" alisema Jogoo, na baraza likaangua kicheko. "Mama, ungeanza kwa kunawa."

"Waulizeni kwa redio, basi."

"Wakilipua, redio inachacharika kama karai la maandazi. Na Mfalme haongei na kisogo." Jogoo akatandaza ramani. "Kuwapiga mgongoni ni kumpiga kobe gambani, bamba lao limezoea mabomu. Tutayarusha ya kwetu arobaini yaende baridi na kimya, maana huku anayeonekana ni mwenye joto. Yatawazunguka ubavuni. Kila moja tumelivika kofia ya chuma kizito: likilipuka, moto hautawanyiki, unatoka mwembamba kama mkuki. Tutawatoboa kiunoni."

"Hayo arobaini ndiyo breki yetu," alisema Bi Fuko. "Mkiyamaliza, tutasimamaje tukifika kwenye nyota yetu?"

"Shujaa hasimami," alisema Mfalme, na kwa kuwa kauli ilikuwa tamu, wote wakapiga makofi. Nguchiro naye alipiga.

Bi Fuko akamgeukia. "Karani, wewe ndiye unayeandika. Mfalme aliyasema lini maneno ya tangazo lile?"

Nguchiro alikuwa na jibu la kweli, fupi kabisa, mdomoni. Akaona mijeledi, akaona cheo kikimponyoka, akaona Jogoo akimcheka.

"Jana jioni," alisema. "Baada ya chakula. Nilikuwepo."

Mabomu yakarushwa. Yangeweza kuzimwa njiani kwa kubonyeza kitufe kimoja, lakini yalichukua dakika tatu tu, na katika dakika tatu aliyeshikwa na hofu hawezi kufikiri.

Hapakuwa na mshindo. Utupu haubebi sauti. Nuru zilimetameta ubavuni mwa Korongo, chombo kikakatika kiunoni, na vipande vyake vikaendelea kuja, kwa kuwa hapakuwa tena na wa kuvipunguza mwendo. Springi mpya zilipita dirishani moja moja, bado ziking'aa.

Bi Fuko hakulia. Alimpa Mfalme mgongo, akatoka akitazama mbele.

Siku hiyohiyo mafuko walifunga mlango wa mabomu yaliyobaki. Jogoo alipotumwa kuyapakia mwenyewe, hakujua kichwa cha bomu ni kipi. Bila mabomu hapakuwa na msukumo, na bila msukumo hapakuwa na uzito: Mfalme alitoka kitini taratibu, akaangukia juu, akagonga dari, na hakuna aliyenyanyua mkono kumvuta. Nyota yetu ilitupita kushoto siku ya tisa. Watoto wa mafuko waliipungia.

Mafuko waliniagiza niandike habari hii, nami nimeisoma mbele yao mkiani mpaka hapo. Bi Fuko alikuwa akifuta mikono.

"Rudia pale pa dakika tatu," alisema.

Nikarudia.

"Bomu baridi halifiki kwa dakika tatu, karani. Mimi ndiye niliyezifunga zile springi za kuyarushia. Yalichukua muda gani?"

Nikasema huenda kumi. Akaendelea kufuta mikono. Nikasema nusu saa.

Ilikuwa saa nzima. Kitufe kilikuwa upande wa mkono wangu wa kulia, karibu na wino. Wala sikushikwa na hofu, ingawa nilitaka mdhani hivyo. Saa ile niliitumia kuandika tangazo la ushindi. Nilikuwa nimekwama kwenye sentensi ya mwisho, natafuta neno la kuchekesha, na nuru zilipowaka dirishani nilikuwa ndiyo kwanza nimelipata.